Enkenene: tunda la porini la jamii ya waridi, majina yake na karatasi zake mpakani

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Enkenene ni tunda dogo la porini, jekundu au jeusi, linalozaliwa na mmea wenye miiba unaotambaa kando ya misitu, kwenye mashamba yaliyoachwa na kwenye kingo za barabara katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Jina hilo ni la Kiganda. Wataalamu wa mimea wanaiita jenasi yake Rubus na kuiweka katika familia ya Rosaceae, yaani jamii ya waridi, pamoja na tufaha, pichi, plamu, stroberi na maua ya waridi yenyewe.

Kwa mfanyabiashara wa Mbarara tunda hili ni bidhaa ndogo. Halishindani na matoke wala maziwa, na hakuna lori linalopakia enkenene peke yake. Hata hivyo linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu mbili. Kwanza, linaharibika haraka kuliko karibu kila tunda lingine linalobebwa katika njia hizi. Pili, ndugu zake katika jamii ya waridi wanashughulikiwa na sheria tofauti kabisa mpakani, na anayepakia bidhaa kwa jina la mtaani bila kujua ni mmea gani anaweza kupoteza mzigo wote.

Namna ya kuutambua

Mmea wa enkenene hauna shina moja la kusimama. Hutoa fito nyembamba zinazopinda na kuelekea chini, na katika aina nyingi ncha ya ufito ikigusa udongo huota mizizi na kuanzisha mmea mwingine. Ndiyo maana kichaka kimoja huenea na kufunga njia. Miiba yake ni midogo na imepinda kama kucha ya paka. Humshika mchumaji nguo anapotoa mkono, si anapouingiza. Jani moja huwa limegawanyika katika vijani vitatu, vitano au zaidi, vyenye meno pembeni. Ua lina petali tano, nyeupe au za waridi hafifu, ingawa kuna aina ambayo karibu haina petali kabisa na kwa sababu hiyo ikapewa jina la Rubus apetalus.

Tunda si tunda moja bali ni mkusanyiko wa vitunda vidogo vilivyoshikamana, kila kimoja na mbegu yake. Katika aina zinazofanana na rasiberi, tunda huchomoka na kuacha kitovu cheupe kwenye kikonyo, kwa hiyo ndani linakuwa na uwazi kama kofia. Katika zile zinazofanana na blakiberi, kitovu hutoka pamoja na tunda. Tofauti hii ina maana kwa msafirishaji: tunda lenye uwazi ndani hubonyea kwa uzito mdogo sana.

Aina za asili za ukanda huu ni pamoja na Rubus pinnatus, Rubus steudneri, Rubus rigidus, Rubus apetalus na Rubus volkensii. Mchumaji hazitofautishi, na sokoni zote ni enkenene. Forodha pia haizitofautishi, kama tutakavyoona.

Mmea huu hupenda mahali penye mvua ya kutosha na ubaridi kiasi, hasa pembezoni mwa misitu na kwenye miteremko ya milima. Kwa upande wa magharibi mwa Uganda, hiyo ni Kigezi na vilima vya Bushenyi kuliko bonde la Nakivale, ambalo ni kavu na wilaya yake ya Isingiro hukumbwa na ukame mara kwa mara. Anayekwenda Nakivale akitarajia kurudi na ndoo za enkenene atachoma mafuta bure. Nakivale katika habari hii ni soko na ni mahali ambapo majina hukutana, si shamba.

Majina mengi, mmea mmoja

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda walipokuwa wakikimbilia Uganda. Leo wengi wa wakazi wake ni Wakongo, na wapo pia Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Katika soko kama hilo Kiswahili kinafanya kazi kubwa, lakini Kiswahili hakina jina moja la tunda hili linalokubalika kila mahali. Matokeo yake kila mtu hulitaja kwa lugha yake.

Mganda anasema enkenene. Katika Runyankore na Rukiga utasikia enkyerere. Mnyarwanda anasema inkeri, na hapo ndipo penye mtego wa kwanza, kwa sababu inkeri kwa Mnyarwanda ni pia stroberi ya shambani. Mkongo aliyesoma Kifaransa atasema framboise au mûre. Mtego wa pili uko hapo: mûre ni blakiberi, lakini pia ni tunda la mforosadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri na ambao si wa jamii ya waridi hata kidogo. Mzigo ulioandikwa mûre katika karatasi ya Kifaransa unaweza kuwa enkenene au forosadi.

Mtego wa tatu ni entuntunu, tunda la manjano lililofunikwa na ganda kama karatasi. Wauzaji huliweka pamoja na enkenene kwa sababu yote ni matunda madogo ya porini. Entuntunu ni ndugu wa nyanya. Lina ngozi ngumu, linakaa siku nyingi ndani ya ganda lake, na dereva aliyezoea kubeba entuntunu asidhani kwamba enkenene litamvumilia vivyo hivyo.

Ushauri wa kazi ni mwepesi: kwenye daftari na kwenye karatasi yoyote inayovuka mpaka, andika jina la mtaani, kisha andika jina la kitaalamu kando yake. Rubus pamoja na herufi spp. zinatosha kwa matunda ya enkenene ikiwa aina kamili haijulikani. Penye shaka, hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala ni mahali ambapo kitawi chenye majani na maua kinaweza kutambuliwa.

Hesabu ya kuoza

Enkenene likishachumwa haliivi zaidi. Lililochumwa bichi linabaki chachu, na lililochumwa limeiva linaanza kulainika saa hiyo hiyo. Rasiberi za kibiashara, ambazo ni jamaa wa karibu, zikipozwa mapema na kuwekwa karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi hukaa siku 2 hadi 5. Stroberi katika hali hiyo hiyo hukaribia wiki moja. Nje ya baridi, kwenye joto la kawaida la mchana wa Mbarara, hesabu siku moja. Adui mkubwa ni ukungu wa kijivu, Botrytis, ambao unaanza na tunda moja lililobonyea na kuenea kwa majirani zake.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei ya soko. Mfanyabiashara ananunua kilo 50 kwa shilingi za Uganda 4,000 kila kilo, analipa usafiri shilingi 40,000, jumla 240,000. Zikifika zote salama, kila kilo imemgharimu 4,800. Zikioza kilo 15, gharama ya kila kilo inayouzika inapanda hadi karibu 6,860. Ikioza nusu, ni 9,600. Bei aliyonunulia haikubadilika wala nauli haikupanda. Kilichobadilika ni kilo alizoziuza. Kwa tunda hili, mtu anayebishana shilingi 200 na mchumaji lakini anapakia kwenye ndoo ya lita 20 ameshika hesabu kwa upande usio wake. Ndoo ikijaa, matunda ya chini hugeuka maji kabla ya gari kufika lami.

Chombo kinachofaa ni kipana na kifupi, chenye matundu, na matunda yasizidi tabaka mbili au tatu. Yasioshwe kabla ya safari, kwa kuwa maji huamsha ukungu. Yachumwe asubuhi umande ukishakauka lakini jua bado halijawa kali, na yawekwe kivulini mara moja. Kichaka hakiiivishi matunda yake yote kwa pamoja, kwa hiyo mchumaji hurudi kila baada ya siku chache na mzigo wa siku moja huwa mdogo. Hiyo ni sababu nyingine ya kutofikiria lori.

Mbarara ina faida moja ambayo miji mingi ya ukubwa wake haina, nayo ni baridi. Eneo hili ndilo kitovu cha maziwa cha Uganda, na kuna vituo vya kupozea maziwa, viwanda vya kusindika na magari ya baridi yanayosambaza mtindi. Tanki la maziwa ghafi haliwezi kubeba matunda, na hakuna mwenye kituo atakayekubali. Lakini gari la baridi la mtindi lenye nafasi, au friza ya duka la jumla, ni jambo la kuzungumzwa. Kwa maoni ya mwandishi, soko la kweli la enkenene katika njia hii si tunda bichi la kuvuka mpaka bali ni tunda lililogandishwa, jemu au kionjo cha mtindi. Hapo lakini mfanyabiashara anaingia katika masharti mengine: chakula kilichosindikwa kinahitaji alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS.

Tunda mpakani

Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa inayotumiwa na forodha zote za ukanda huu, rasiberi na blakiberi mbichi zinaingia namba 0810.20. Namba hiyo hiyo inabeba pia forosadi. Kwa hiyo utata wa neno mûre hauleti tofauti ya ushuru. Unaleta tofauti kwa mkaguzi wa afya ya mimea, maana wadudu na magonjwa ya mforosadi si yale ya enkenene. Stroberi mbichi ni 0810.10. Yakigandishwa, matunda yote haya huhamia 0811, na jemu ni 2007.

Bidhaa yenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha inapovuka kwenda nchi nyingine mwanachama, na kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani upo utaratibu uliorahisishwa: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa hapo hapo mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Wengi wanaosikia habari ya cheti hiki hudhani kinafuta karatasi nyingine zote. Hakifuti. Tunda bichi bado linahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho Uganda hutolewa na Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi chini ya sheria ya afya ya mimea ya mwaka 2016. Upande wa pili, Tanzania mhusika ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, na Rwanda ni RICA.

Wakaguzi hawana sababu ya kulegeza. Mwaka 2021 watafiti waliripoti kwamba inzi aitwaye Drosophila suzukii amepatikana Kenya, katika kaunti ya Nakuru, kwenye shamba la matunda ya aina hii. Tofauti na inzi wa kawaida wa matunda anayefuata tunda lililooza, huyu hutoboa tunda zima linaloiva na kutaga ndani yake. Kwa macho tunda huonekana safi wakati wa kupakia na kufika likiwa na mabuu. Rasiberi na blakiberi ni miongoni mwa matunda anayoyapenda zaidi.

Kutoka Mbarara njia ni kadhaa. Kwenda Tanzania ipo Mutukula, yenye kituo cha pamoja cha mpakani, na iliyo karibu zaidi na Nakivale ni Kikagati, ambako mto Kagera unatenganisha Isingiro na Murongo ya wilaya ya Kyerwa. Kwenda Rwanda ni Mirama Hills kuingia Kagitumba, au Katuna kuingia Gatuna. Kwenda Kongo ni Mpondwe kwa kupitia Kasese, au Bunagana kwa kupitia Kisoro. Mwenye tunda la siku moja asisahau historia ya karibuni: Gatuna ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa tena hadi tarehe 31 Januari 2022, na Bunagana iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Juni 2022. Saruji inaweza kusubiri mpaka ufunguliwe. Enkenene haliwezi hata kusubiri zamu ya mchana ya afisa.

Mfanyabiashara mkimbizi

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kulima, kufanya biashara na kutembea ndani ya nchi kwa kufuata taratibu. Mkazi wa Nakivale anaweza kununua Kabale na kuuza Mbarara bila tatizo la kisheria, akiwa na kitambulisho chake. Kuvuka mpaka ni jambo jingine. Uganda, Kenya na Rwanda zilianza kukubaliana kutumia vitambulisho vya taifa kama hati ya kusafiria mwaka 2014, lakini kitambulisho cha mkimbizi hakimo katika mpango huo. Anahitaji hati maalumu ya kusafiria ya mkimbizi. Na anayerudi kufanya biashara katika nchi aliyoikimbia anaweza kuulizwa kama bado anahitaji hifadhi. Ndiyo maana ni busara mzigo uuzwe Mbarara, na anayevuka awe mnunuzi au wakala wa forodha.

Jambo la kuangalia pia ni mahali tunda lilipochumwa. Porini haina maana ya bila mwenyewe. Jirani na Nakivale iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, na kuchuma mmea wowote ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa. Misitu ya hifadhi nayo ina masharti yake.

Ndugu anayehitaji kibali

Sasa tufike kwenye hatari iliyo kubwa kuliko kuoza. Majani na mizizi ya enkenene hutumika kama dawa za kienyeji, hasa za kuhara, na hukaushwa na kuuzwa kwa vifungu. Katika gunia hilo hilo la dawa mara nyingi huwamo magome. Baadhi ya magome hayo ni ya mti mrefu wa jamii hiyo hiyo ya waridi, Prunus africana, unaoitwa entaseesa kwa Kiganda na umwumba kwa Kinyarwanda. Gome lake limekuwa likinunuliwa na viwanda vya dawa vya Ulaya tangu miaka ya 1960 kwa ajili ya matatizo ya tezi dume, na limevunwa Kamerun, Madagaska, Kenya, Uganda na Kivu ya Kaskazini, mara nyingi kwa kuchuna mti mzima mpaka ukafa.

Tangu mwaka 1995 mti huu umo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Maana yake si kwamba biashara imepigwa marufuku. Maana yake ni kwamba magome, unga wake na dondoo lake havivuki mpaka bila kibali cha nchi yanakotoka. Uganda mamlaka ya vibali hivyo ni Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo nazo ni wanachama, kwa hiyo hakuna upande wa mpaka ambako sheria hii haifiki.

Zamani gome hili lilipita forodha likiwa limejificha ndani ya namba ya jumla ya mimea ya dawa, 1211, na afisa alihitaji kulitambua kwa macho. Toleo la mwaka 2022 la orodha ya bidhaa lililipa namba yake pekee, 1211.60. Tangu hapo, anayeandika "mimea ya dawa" tu huku gunia likiwa na magome hayo ametoa tamko lisilo sahihi la forodha, juu ya kosa la kukosa kibali. Dereva aliyekubali gunia kwa nauli ndogo bila kuuliza kilichomo ndiye anayekutwa nalo.

Kuna ndugu mwingine ambaye Waethiopia wa Nakivale wanamfahamu vizuri: kosso, maua ya mti wa Hagenia abyssinica, dawa ya zamani ya minyoo tegu. Huu haufungamani na kibali cha CITES, lakini ni sumu kipimo kikizidi, na msafirishaji asiuchanganye na vyakula.

Kuhusu miche

Wapo wanaouliza kama inafaa kuleta miche ya enkenene bora kutoka nje na kuipanda, badala ya kutegemea pori. Inafaa, lakini miche ndiyo bidhaa inayokaguliwa kwa ukali kuliko zote, kwa sababu hubeba udongo, virusi na wadudu pamoja nayo. Kibali cha kuingiza lazima kipatikane kwanza kabla mche haujaondoka unakotoka, kisha cheti cha afya ya mimea cha nchi hiyo kiandamane na mzigo. Aina iitwayo Rubus niveus kutoka Asia tayari imeenea yenyewe katika nyanda za juu za Kenya, na katika visiwa vya Galápagos imekuwa gugu lililofunika misitu na kuigharimu serikali ya huko fedha nyingi kulipiga vita. Mche wake ni rahisi kuukata njiani na kuuficha kwenye mfuko wa nguo, na mkaguzi wa Mutukula analijua hilo.